Mama Anapofungiwa Ndani na Watoto Wake

Somo la kikundi cha kinamama na familia zote
Tusome: Mwanzo 21:14-19, Hesabu 12:9-15, Mambo ya Walawi 14:1-3

Mwezi huu tunaleta somo ambalo kinamama wenyewe waliliomba. Walisema: "Tumefundishwa mara nyingi kunawa mikono, kuvaa barakoa na kukaa mbali na watu. Lakini hakuna aliyetufundisha tufanye nini na moyo." Ni kweli. Kwa hiyo leo hatutasema mengi juu ya sabuni. Tutasema juu ya moyo wa mama aliyeambiwa asitoke nyumbani na watoto wake kwa sababu ya ugonjwa. Tutasema pia juu ya wajibu wetu sisi tulio nje ya mlango wake.

KARANTINI NI NINI?

Karantini ni kukaa mbali na wengine kwa siku zilizohesabiwa, ili ugonjwa usipite kwenda kwa jirani. Wakati wa korona, mwaka 2020, mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa aliambiwa akae ndani siku 14. Kwa Ebola, aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21, kwa sababu ugonjwa unaweza kujificha mwilini muda huo wote kabla ya kuonekana. Wengi wetu tuliotoka Kivu ya Kaskazini na Ituri tunaikumbuka hesabu hiyo, maana mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa mpox, ambayo wengine huiita homa ya nyani, mwenye vipele hukaa mbali na watu mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote. Mara nyingi ni wiki 2 hadi 4.

Basi tujue kwamba siku hizi hazikuwekwa ili kumwadhibu mtu. Zimewekwa kwa kufuata ugonjwa wenyewe unavyokwenda.

Lakini kuhesabu siku ni rahisi kwa mtu mwenye vyumba vingi na maji ndani ya nyumba. Sisi nyumba zetu ni chumba kimoja au viwili, udongo chini na turubai juu. Maji yako bombani. Choo tunatumia pamoja na majirani. Chakula ni mpaka mtu aende kupanga mstari na kadi yake. Mama akiambiwa "kaa ndani", anajiuliza mara moja: Nani atateka maji? Nani atachukua mgao? Huyu mtoto mgonjwa nitamtenga wapi, na wote tunalala kwenye mkeka mmoja? Maswali hayo humwingia moyoni kabla ugonjwa haujaingia.

SIKU 14 ZA MAMA MMOJA

Mwishoni mwa mwaka 2020 mama mmoja wa kanisa letu, mwenye watoto wanne, aliambiwa akae ndani siku 14. Baba wa watoto alikuwa mbali akitafuta kazi. Kumbukeni mwaka ule ulivyokuwa hapa Uganda. Shule zilifungwa mwezi Machi, na watoto wengi hawakurudi darasani vizuri mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwezi Aprili mgao wa wakimbizi ulipunguzwa kwa asilimia 30. Nyumba za ibada nazo zilikuwa zimefungwa kwa miezi kadhaa. Mama huyu aliingia karantini akiwa amekwisha kuchoka. Ametupa ruhusa tuandike habari zake bila kutaja jina.

Kwanza ilikuja hofu. Kila mtoto alipokohoa, yeye aliruka. Usiku aliwagusa watoto kwenye paji la uso mmoja baada ya mwingine. Akimaliza wa nne, alirudi kwa wa kwanza.

Siku ya tatu lilitokea jambo ambalo hakulitazamia. Mtoto wake wa miaka saba aliona mlango umefungwa mchana, na mama anawakataza kupiga kelele. Mtoto akaenda kujikunja kwenye kona nyuma ya magunia. Akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, wamefika tena?" Familia hii ilivuka Ziwa Albert mwaka 2018 baada ya kujificha ndani ya nyumba siku mbili. Mtoto alikuwa mdogo, na mama alidhani amesahau. Ndipo mama akatambua kwamba yeye mwenyewe tangu siku ya kwanza alikuwa akinong'ona, ingawa hakuna aliyemkataza kusema.

Siku ya sita ilikuja hasira. Watoto walikuwa wakisukumana, na dumu la mwisho la maji likamwagika. Mama alishika fimbo akampiga mtoto kupita kiasi. Halafu akaketi chini akalia, naye mtoto akawa ndiye anayemfuta machozi. Baada ya hasira ikaja hatia. Alisema: "Niliona kwamba mimi ndiye ugonjwa wa nyumba hii."

Siku ya tisa ilikuja aibu. Watu walikuwa wameacha njia inayopita mbele ya nyumba yake na kuzungukia kwa nyuma. Mtoto wa jirani akapita akiimba, "nyumba ya korona, nyumba ya korona".

Siku za mwisho hakulia tena. Aliketi akitazama ukuta. Akawaza kwamba labda watoto wangekuwa salama zaidi wakiwa na mama mwingine.

Lakini alituambia pia jambo jingine, na tusingependa kuliacha. Jioni moja binti yake mkubwa alipika uji na kusema, "Mama, lala kidogo." Alipoamka, watoto walimwomba awasimulie habari za kijiji chao. Akawaeleza bibi yao alivyokuwa akitwanga mihogo, na majina ya mababu wanne kurudi nyuma. Wadogo walikuwa hawajawahi kuyasikia. Alisema jioni ile ilikuwa njema kuliko jioni nyingi za siku ambazo mlango ulikuwa wazi.

NA SISI TULIKUWA WAPI?

Ndugu msomaji, tunapaswa kusema ukweli. Sisi tuliomba. Tulimtaja mama yule mbele za Mungu kila tulipokutana. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefika karibu na nyumba yake na kusimama mbali kidogo na kumwita kwa jina. Aliyemwekea dumu la maji kando ya njia kila asubuhi alikuwa jirani yake, mama Mwislamu, ambaye naye alikuwa na watoto wa kuwatekea. Sisi tulilijua jambo hilo karantini ilipokwisha. Tunaliandika hapa lisije likarudiwa.

HAJIRI NA MTOTO WAKE

Hebu tuangalie Mwanzo 21. Hajiri ni mama aliyeondolewa nyumbani na kuingia jangwani na mtoto wake, akiwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha. Akamlaza kijana chini ya kijiti, kisha akaenda kuketi mbali, kiasi cha mshale kurushwa, kwa sababu hakuweza kumtazama mtoto akifa. Akapaza sauti akalia.

Mtu angeweza kumlaumu na kusema: mama gani huyu, anamwacha mtoto na kwenda kuketi mbali? Lakini tukisoma vizuri, hatuoni Mungu akimkemea. Hajiri hakwenda mbali kwa sababu hampendi mtoto. Alikwenda mbali kwa sababu moyo wake ulikuwa umefika mwisho. Mama anayetazama ukuta huku watoto wakimwita yuko mahali pale pale alipokuwa Hajiri.

Angalieni mambo matatu ambayo Mungu alimfanyia, kwa mpangilio wake. Kwanza, alimuuliza ana shida gani. Pili, alimwambia amwinue kijana na kumshika mkono. Tatu, alimfungua macho akaona kisima. Alianza kwa kumuuliza mama mwenyewe habari zake. Mara ngapi sisi tunaanza kwa amri? Tunasema, "Mama, jikaze. Mama, usilie mbele ya watoto. Mama, uwe na imani." Na bado hatujamuuliza neno lolote.

JE, HOFU NA HASIRA NI KUKOSA IMANI?

Wengine hufikiri hivyo, na kwa sababu hiyo kinamama huficha. Lakini tusome Marko 14:33-36. Bwana wetu mwenyewe alifadhaika sana, aliwaambia wenzake kwamba moyo wake una huzuni, na aliwaomba wakae naye. Akiwa Yeye aliomba asiachwe peke yake, mama wa watoto wanne akiomba hivyo amekosa nini?

Juu ya hasira, Waefeso 4:26 inatenganisha kuwa na hasira na kutenda dhambi. Hasira huja mtu akichoka, akiwa na njaa, akiwa hana mahali pa kwenda. Kumuumiza mtoto ni jambo jingine. Likitokea, mama anaweza kumwomba mtoto msamaha. Heshima ya mama haipungui kwa kusema, "Mwanangu, nilikosea. Nilikuwa nimechoka, wala si kosa lako." Mtoto asiposikia hivyo, atadhani yeye ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani.

Tena tusiseme kwamba ugonjwa ni adhabu ya dhambi za mama au za mtoto. Katika Yohana 9:1-3 wanafunzi waliuliza swali hilo, na Bwana Yesu alilikataa.

MAMBO YANAYOSAIDIA

Huko kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudani Kusini walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Baadhi yao walipitia vikao vitano vya mafunzo yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Walisikiliza sauti iliyorekodiwa, wakafanya mazoezi pamoja. Miezi mitatu baadaye waliopitia vikao hivyo walikuwa na dhiki ndogo ya moyo kuliko wenzao ambao hawakuvipitia. Waliofundishwa hawakuwa matajiri wala wasomi. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Basi moyo nao unaweza kufundishwa namna ya kubeba mzigo. Haya ndiyo tunayowashauri:

1. Waambie watoto ukweli kwa maneno machache. Mfano: "Kuna ugonjwa. Tunakaa ndani siku 14 ili tusiwape wengine. Hakuna mtu anayetutafuta. Siku zikiisha tutatoka." Kwa watoto waliokimbia vita, neno la kwamba hakuna anayetutafuta ni la lazima. Chora mistari ukutani kwa mkaa, na kila asubuhi mtoto mmoja afute mstari mmoja.

2. Sema kwa sauti yako ya kawaida. Fungua dirisha, au kunja turubai kidogo, mwanga na hewa viingie. Hewa husaidia pia kupunguza ugonjwa ndani.

3. Hasira ikipanda, kabla ya kushika kitu, kanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole. Taja moyoni jina la kile unachosikia: "Hii ni hofu", au "hii ni hasira". Kisha tazama vitu vitatu vilivyo mbele yako na usikilize sauti moja ya nje. Zoezi hili halifukuzi shida, lakini linakurudisha mahali ulipo ili mkono usitangulie akili.

4. Siku iwe na mpangilio. Asubuhi kufagia na kuomba, mchana masomo kidogo na kazi, jioni hadithi. Watoto wakijua kinachofuata, hugombana kidogo.

5. Mtoto mgonjwa ahudumiwe na mtu mmoja, mwenye barakoa, anayenawa mikono kila anapomgusa. Kikombe, sahani na shuka lake viwe mbali na vya wengine. Lakini asiachwe bila mtu wa kusema naye. Mama anayenyonyesha, kwa korona Shirika la Afya Duniani lilishauri aendelee kunyonyesha, akivaa barakoa na kunawa mikono. Kwa magonjwa mengine amuulize mhudumu wa afya kwanza.

6. Binti mkubwa asaidie, lakini asifanywe mama wa nyumba. Naye ana hofu yake. Mpe saa moja ya kukaa bila kazi.

7. Kama mama halali siku nyingi, hali chakula, haitikii watoto wakimwita, au anawaza kufa au kumdhuru mtoto, mhudumu wa afya ajulishwe siku hiyo hiyo. Tumwombee, na pia tumtafutie msaada. Asiachwe peke yake hata usiku mmoja bila mtu wa kumsikiliza, japokuwa ni kwa simu au kutoka nje ya dirisha.

KAMBI ILIYOSUBIRI

Sasa tuje kwetu sisi tulio nje. Katika Hesabu 12, Miriamu alitolewa nje ya kambi siku saba kwa sababu ya ukoma. Ni kweli yeye alikuwa amekosa, na kosa lake limeandikwa wazi. Hatumfananishi mgonjwa yeyote na kosa lake. Tunachotaka mwone ni kile ambacho watu walifanya. Walikuwa wasafiri, watu wa mahema, kama tulivyokuwa sisi njiani. Walikuwa na safari mbele yao. Lakini hawakuondoka. Kambi nzima ilikaa mahali pale mpaka Miriamu aliporudishwa, ndipo wakasafiri.

Na katika Mambo ya Walawi 14, mtu aliyetengwa alipokuwa tayari kuangaliwa, kuhani ndiye aliyetoka nje ya kambi kumwendea. Sheria ile ile iliyomtenga mgonjwa ilimwagiza mtumishi wa Mungu atoke. Basi kumtenga mtu kwa ajili ya afya ya wote kunaruhusiwa. Kumsahau hakuruhusiwi.

Mwaka 2025 tulipata nafasi ya kujaribu tena. Mtoto wa miaka mitatu wa familia moja ya kanisa letu alipata mpox, na mama yake akaagizwa amtunze nyumbani. Safari hii tulipanga zamu. Mmoja alileta maji asubuhi na kuyaweka kwenye jiwe lililokubaliwa. Mwingine alishughulikia mgao kwa utaratibu unaoruhusiwa. Baba wawili walichukua kazi ya kuni, maana jambo hili si la kinamama peke yao. Na kila jioni mtu mmoja alikwenda kusimama chini ya mti, mbali na mlango, na kuita, "Hodi, mama!" Sharti letu lilikuwa moja: swali la kwanza liwe juu ya mama mwenyewe. "Wewe umelalaje?" Habari za mtoto zifuate baadaye.

Aliyeomba zamu ya jioni ya kwanza alikuwa yule mama wa mwaka 2020. Hakuhubiri. Alisimama pale akasema, "Mimi najua siku ya tisa ilivyo. Nitakuja pia siku ya tisa." Na siku ya tisa alikuja.

Sikukuu ya shukrani ya kinamama ilikuwa imepangwa katikati ya siku zile. Wengine walisema tuendelee, chakula kimekwisha kuchangwa. Tulizungumza, tukasoma habari ya Miriamu, tukaisogeza mbele. Tuliifanya Jumapili iliyofuata baada ya mhudumu wa afya kuiangalia ngozi ya mtoto na kusema amepona. Mama yule aliingia na mtoto mgongoni, akakuta kiti chake kimewekwa mahali pake pa siku zote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Kati ya hofu, hasira, hatia, aibu na upweke, ni lipi lililokusumbua zaidi ulipofungiwa ndani? Ulimwambia nani?
2. Watoto wenu wanakumbuka nini juu ya siku za kujificha? Mmewahi kuwauliza?
3. Kwa nini Mungu alianza kwa kumuuliza Hajiri, kabla ya kumwonyesha kisima?
4. Kina baba, mke akifungiwa ndani na watoto, ni kazi zipi mnaweza kuzibeba mkiwa nje?
5. Katika kijiji chenu leo, ni nyumba gani watu wanaizungukia kwa nyuma?

TUOMBE

Ee Baba, Wewe ulimsikia mama na mtoto wake jangwani. Wasikie kinamama waliofungiwa ndani leo, katika makazi haya na kule nyumbani tulikotoka. Wape maji, wape usingizi, wape mtu wa kuwauliza habari zao. Utusamehe pale tulipoomba na miguu yetu haikutoka. Utufundishe kusubiri mpaka wa mwisho arudi ndani. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.